Salamu za Kina Mama wa Wundanyi

Siku yake ya mwisho London, mama yake Marion aliamka akavaa sare: gauni jeupe la umoja wa kina mama wa kanisa la kwao Wundanyi, kitambaa cha samawati kichwani, beji kifuani.

"Mum, tunaenda kutembea tu," Marion alimwambia.

"Wewe unaenda kutembea. Mimi nimetumwa."

Jambo hilo Marion alikuwa amelisahau, au tuseme alikuwa ameomba lisahaulike. Kina mama wa Wundanyi walimtuma mama yake apeleke salamu zao katika kanisa kubwa kuliko yote ya London, naye akaitikia mbele ya waumini wote. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi atasimamishwa aeleze zilivyopokelewa. Na mama huyu hajui kusema uongo hata mbele ya mgonjwa.

Wiki nzima Marion alikuwa amechukua likizo kutoka makao ya wazee anakofanya kazi, huko Hayes, ili amtembeze. Mama aliiona ile saa kubwa, akakubali kwamba ni kubwa. Aliliona kasri la mfalme, akauliza mbona madirisha yote yale na hakuna hata mmoja anayechungulia kuona ni nani amekuja. Makumbushoni alisimama mbele ya maiti iliyokaushwa ya Mmisri wa kale, akataka kujua kama jamaa zake wana habari aliko. Lakini kilichomkera hasa ni watu. Kila walipopanda basi alisalimia kuanzia kwa dereva mpaka kiti cha nyuma, na kila mara abiria walizidi kuinamia simu zao.

"Kwani hawa wamekosewa na nani?"

"Huku watu hawasalimiani, Mum. Mimi nimeshazoea."

"Umezoea," mama alisema. Alimtazama binti yake kitambo, kisha akageukia dirisha.

Walipofika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, mambo yakakwama mlangoni. Marion alitoa simu anunue tiketi.

"Tiketi ya nini?"

"Ya kuingia."

"Kanisani? Sadaka hutolewa ndani, mtu akishasikia neno. Mlangoni watu hulipia sinema."

Mlinzi aliyekuwa akikagua mikoba, Gurdial kwa jina lililokuwa kifuani pake, alimnong'oneza Marion kwamba ibada ya jioni haina tiketi. Basi wakaketi kwenye ngazi, mama akafungua mkoba, wakala mayai ya kuchemsha. Kwa sababu ya ile sare, watalii walidhani ni mhudumu wa pale, wakawa wanamwuliza choo kiko wapi. Aliwashika mkono mmoja mmoja akawapeleka kwa Gurdial.

Jioni ilipofika, Marion alijaribu bahati yake. "Mum, please. Hizo salamu mpe padre tukitoka, pale mlangoni. Pole pole tu."

"Salamu za kanisa si za mlangoni. Wageni watakaribishwa, nitasimama."

"Hapa hawasimamishi wageni."

"Basi wasipokaribisha, nitampa mlangoni."

Marion akashusha pumzi. Wakakaa chini ya kuba kubwa ya kanisa. Waimbaji wakaingia na majoho yao, na padre mwenye mvi, kwa sauti ya upole, akasema anawakaribisha wote, hasa wageni waliotoka mbali. Maskini, ilikuwa adabu tu. Kila siku husema hivyo na kila siku hakuna anayefanya lolote.

Mama akasimama. Marion alimvuta gauni, likamponyoka.

"Bwana asifiwe," mama alisema.

Kimya. Sasa, yeyote aliyekulia makanisa ya kwetu anajua kwamba maneno hayo hayaachwi yakining'inia. Yasipoitikiwa, msemaji huyarudia mpaka nyumba iamke.

"Bwana asifiwe tena."

Kanisa zima likamgeukia. Marion alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kujifanya hamjui mwanamke huyu, na kazi ya kutomjua mtu alikuwa ameifanya London miaka tisa bila shida. Lakini akauona mkono wa mama ulioshika kiti cha mbele. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Mama alikuwa anaogopa, na hilo Marion hakuwa amelifikiria hata kidogo.

"Amina," Marion akaitikia, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Kuba ile haiweki siri. Neno lilizunguka huko juu, likarudi.

Mama akapata nguvu. Akaingia kwenye Kiingereza chake cha ualimu wa darasa la tatu, kila neno limepigwa pasi.

"Naitwa Teresia Wakio. Nimeleta salamu za kina mama wa Wundanyi. Wanawapenda, wanawaombea, na wanauliza habari zenu."

Marion akamshukuru Mungu kwamba yameisha. Hayakuwa yameisha.

"Na huyu ni binti yangu, Marion. Anawaogesha na kuwalisha wazee wenu huko Hayes. Yuko hapa peke yake. Mkimwona njiani, tafadhali, msalimieni."

Akaketi, akanyoosha gauni.

Padre aliinamisha kichwa, akasema salamu zimefika, naye anamwomba mama awapelekee kina mama wa Wundanyi salamu za hapo. Ingeishia hapo, lakini mzee mmoja Mmarekani, akidhani huo ndio utaratibu, akasimama kusema kwamba yeye na mkewe wanatoka Ohio na wanasalimu. Wakafuata Wakorea. Akafuata bwana mmoja wa Leeds, ambako si mbali hivyo, ila hakutaka kupitwa. Waimbaji walingoja, vitabu vimefunguliwa. Marion alikuwa ameuficha uso ndani ya mkoba, hajui tena kama analia au anacheka.

"Umeona?" mama alinong'ona, akimpa leso. "Walikosa tu wa kuanza."

Walipokuwa wakitoka, padre alimpa mama mkono, kisha akamgeukia binti. "Jioni njema, Marion." Mke wa yule wa Ohio akasema, "Kwaheri, Marion." Wakorea walilitamka kwa shida, lakini walilitamka. Hata Gurdial, aliyekuwa akichungulia, akamwambia, "Fika salama, Marion." Marion alimjibu kila mmoja.

Kesho yake alimsindikiza mama Heathrow, akapanda basi la Hayes peke yake. Abiria wote walikuwa wameinamia simu. Marion naye akatoa yake, akaitazama, akairudisha mkobani.

"Habari za asubuhi," alimwambia mwanamke aliyekuwa ameketi kando yake. "Naitwa Marion."

Yule mwanamke akaukumbatia mkoba wake, akasogea dirishani. Kituo kikapita, na kingine.

"Bridget," akasema hatimaye.