Siku Tuliyopima Gari la Leodgar

Mume wangu Leodgar ni dereva hodari sana. Mimi sijabahatika kuliona hilo kwa macho yangu, lakini wote wanaokunywa naye kahawa pale Iringo watakuhakikishia. Anawaambiaga hajawahi kupitwa kati ya Musoma na Bunda. Nikiwa naye tunapitwaga na malori ya mchanga, ila hayo nadhani hayahesabiki. Akiniuliza kama nimeona anavyoendesha, najibuga nimeona.

Mwaka jana aliamua kwamba gari letu limelala, halina nguvu. Akalifungia filta kubwa ya hewa inayovuta kama mgonjwa wa pumu, na ekzosi nene kama paja. Ikawa akitoka kwenda kununua sukari, mtaa wetu wa Makoko mzima unajua kwetu sukari imeisha. Nguvu yenyewe haikuonekana. Kilichoonekana ni taa ya njano ya injini kwenye dashibodi, na gari kukwamakwama kila tukipanda mlima.

"Hiyo taa ni ya kawaida," alinieleza. "Injini inashangaa nguvu mpya."

Ikashangaa mpaka ikazima katikati ya barabara, basi likitupigia honi kwa nyuma. Ndipo bwana akakubali twende Bunda, mtaa wa Kabasa, kwa Amini, fundi wa kompyuta za magari.

Amini alichomeka waya chini ya usukani, akatazama laptopu yake.

"Kaka, umeongeza hewa, lakini kompyuta ya gari bado inatoa mafuta kwa kipimo cha zamani. Ukiendelea hivi utaunguza pistoni. Nitaipanga upya, ila lazima tuingie barabarani. Mimi nasoma namba, wewe unakanyaga mafuta mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Mwisho kabisa, au mwisho wa kawaida?"

Tulishika barabara ya Butiama, Amini mbele na laptopu mapajani, mimi nyuma na vitunguu nilivyonunua Bunda. Tukapata sehemu iliyonyooka, haina mtu. Leodgar akakanyaga kama mtu anayekanyaga yai.

"Hiyo ni nusu, kaka."

Akarudia. Safari hii aliona mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa kamba, ng'ambo ya shamba la mihogo, lakini tahadhari ni jambo jema. Mara ya tatu injini ilinguruma kweli, naye akaachia upesi, akaegesha pembeni.

"Mguu una ganzi," alisema.

Nilikuwa na maneno matamu tayari mdomoni. Halafu nikaona jasho linamtiririka shingoni, na mikono bado imeung'ang'ania usukani. Maneno nikayameza.

"Baba Rhobi, nipishe kidogo," nilimwambia mume wangu.

Kabla hajanioa nilikuwaga naendesha pikapu ya baba, nyuma imejaa dagaa. Nikafunga mkanda, nikaweka gia ya pili, nikakanyaga mpaka pedeli ikagusa chini. Gari likaruka, mgongo wangu ukagandamana na kiti.

"Acha!" alisema Amini. Akabonyeza vitu vyake. "Tena, shemeji."

Tukarudia hivyo, kila mara injini ikizidi kuwa laini, mpaka ikapanda kilima bila kukwama na taa ya njano haikuwaka tena. Nyuma, Leodgar alikuwa amekumbatia vitunguu, macho amefumba.

Butiama tuliteremka kunywa soda. Amini alipotoka kupokea simu, Leodgar akasema bila kunitazama, "Naogopaga mwendo, Pelagia. Tangu nikiwa mwanafunzi wa udereva."

"Najua."

"Unajua? Mbona hujawahi kuniambia?"

"Ulikuwa unafurahia sana kusimulia."

Alicheka, soda ikampalia, nikampigapiga mgongoni.

Siku hizi safari za mbali naendesha mimi. Yeye anasimamia redio, na kunikumbusha kupunguza mwendo hata tukiwa tumesimama. Lakini juzi, tulipofika mahali peupe, aliniomba usukani. Akavuta pumzi, akakanyaga. Mpaka mwisho, kwa muda wa kupiga chafya moja. Kisha akaegesha, akashuka, akalizunguka gari akilitazama kama limemng'ata.

"Umeona?" aliniuliza kupitia dirishani.

"Nimeona, Baba Rhobi," nilimjibu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nasema kweli.