Nyama Chini ya Kofia

Tangu tumzike mke wangu Hermila, chakula changu kilikuwa kahawa na mkate mkavu. Sikuwa nimegoma. Kingine kilikuwa hakipiti kooni, basi. Binti yetu Eréndira, aliyeolewa mbali, mjini Monterrey, alikuja akanikuta suruali naifunga kwa kamba. Akasema kabla hata hajaketi:

"Baba, Jumapili tunakwenda kula. Usipokula mbele ya macho yangu, Jumatatu unapanda basi na mimi, na nyumba hii tunaifunga."

Nyumba ile niliijenga na Hermila, tofali kwa tofali. Wakubwa wa zahanati ndio walionitolea mke humo. Walisema dawa inakuja Jumatatu, ila hawakusema Jumatatu ya mwaka gani. Sasa na mimi nitolewe? Nikaapa kwamba nitakula, au walau nionekane nimekula.

Akanipeleka kwa Doña Tacha, mama mwenye mgahawa barabara ya Uruapan, pale unapolipa mara moja ukala mpaka ushindwe. Vyungu vimepangwa kando ya ukuta: nyama ya nguruwe iliyokaangwa kwa mafuta yake yenyewe, wali mwekundu, maharage, supu ya mahindi. Doña Tacha, kwa kuwa naye siku hizi ni mkubwa, ametundika ubao: kula utakavyo, kubeba marufuku. Hata shibe wameitungia sheria.

Tukapewa meza jirani na vyungu, njia ya kila mtu. Na kwetu hupiti penye mtu anakula ukanyamaza.

"Kikufae, Don Wulfrano."

"Kikufae, mzee."

Nami najibu asante, asante, kama baba yangu alivyonifunza kwa kofi. Sahani imejaa, nashukuru kwa nisichokula.

"Umeshukuru ukumbi mzima na hujaonja," Eréndira akasema.

"Nangoja ipoe."

"Ikipoa zaidi itaamka ikimbilie zizini."

Akainuka kwenda kwa Doña Tacha kuchukua tortila, zile chapati za mahindi, za moto. Hapo hapo nikaviringisha mapande matatu ya nyama kwenye karatasi za kufutia mikono, nikayatia ndani ya kofia iliyokuwa gotini, nikaivaa. Aliporudi aliitazama sahani, kisha akanitazama mdomo.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Midomo mikavu hivyo?"

"Nimefuta."

"Na kofia kichwani, mezani? Mama angekuchapa."

"Feni inanipiga kichwani."

Mafuta yalikwisha anza kunitambaa nyuma ya sikio. Nikakaza shingo. Eréndira akavuta mkoba wake tuondoke, na mimi nikajiona niko kitandani kwangu, mlango wangu, ufunguo wangu.

Ndipo akapita Doña Cuca, mjane wa mchinjaji, sahani mkono huu na mkono huu.

"Kikufae, Don Wulfrano."

Mwanamume mwenzako unamjibu kwa mdomo. Mama wa heshima, mtu wa umri wangu humvulia kofia. Mkono haukuniuliza. Ulipanda wenyewe, kofia ikainuka, na nyama ikashuka: pande moja ndani ya maharage, moja mapajani, moja katikati ya meza.

Doña Cuca akaitazama, akanitazama.

"Marehemu wangu alikuwa akificha chupa humo," akasema. "Wewe afadhali." Akaenda zake.

Eréndira alijiinamia. Mabega yakamtikisika, nikajua nimemliza, na basi la Monterrey nimelipanda. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa karatasi yenye mafuta yangu. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akicheka.

"Baba, mimi usiku silali," akasema alipopata pumzi. "Nilidhani unataka kumfuata mama."

"Nani kakwambia?"

"Huli."

"Sili kwa kuwa hakuna wa kula naye. Nife, wale wa zahanati wapumzike? Nani atawapigia kelele dirishani kwao?"

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo ya kichwani.

"Anayetaka kufa haibi nyama," akasema. "Haya, baki kwako. Ila kila mchana utakula hapa, meza hii hii. Usipokuja, Doña Tacha atanipigia simu."

"Umeniwekea askari."

"Nimekuwekea."

Kifua changu kikafunguka. Sikujua kwamba miezi yote ile nilikuwa nimekibana. Nikaliokota pande la katikati ya meza, nikalifunga kwenye tortila pamoja na pilipili mbichi, nikatafuna. Eréndira ananikodolea macho.

"Ina ladha gani?"

"Ya kofia."

Lakini ilikuwa na ladha. Nikaimaliza, na ya kwenye maharage pia. Kisha nikachukua sahani yangu kwenda vyunguni, na nilipoipita meza ya jirani, nao vinywa vimejaa, nikawaambia kikufaeni.