Jibu la Cedar Hill

Kila asubuhi mimi ndiye niliyemsuka nywele Tove, binti wa dada yangu, kabla hajaenda shule, yeye akiwa juu ya stuli ya jikoni anakula uji wa shayiri, na mdogo wake Nels amejiegemeza magotini pake. Asubuhi hiyo sikufika hata nusu ya msuko wa pili. Simu ya dada yangu Marit ililia, naye akaiweka mezani ili sote tusikie.

"Samahanini kwa kuwavamia," alisema Bev, dalali wetu wa nyumba. "Ile nyumba ya Cedar Hill imepata mteja mwingine. Mwenye nyumba anataka jibu sasa hivi."

Marit alimtazama mumewe, Curtis. Curtis aliitazama kahawa yake.

Majira yote ya baridi walikuwa wakipima wanunue ipi kati ya nyumba mbili. Ya Cedar Hill ilikuwa karibu na shule ya watoto wenye vipawa. Tove alikuwa amefaulu mtihani wao, na huko angepata hesabu za kumtosha. Za sasa anazimaliza mapema na kukaa akipiga miayo. Lakini Nels angepelekwa shule nyingine, na Nels mbele ya wageni hafungui mdomo mpaka dada yake awe karibu. Ya pili, mtaa wa Larch, ilikuwa ndogo, yenye bafu moja. Shule ya huko ni ya watoto wote, kwa hiyo Tove na Nels wangesoma pamoja. Mwalimu wa wenye vipawa huja mara mbili tu kwa wiki.

"Bev," alisema Curtis, "ungekuwa wewe, ungechagua shule ipi?"

"Curtis, unataka wanipokonye leseni? Sisi madalali haturuhusiwi kusifia shule. Niulize paa. La Cedar Hill ni jipya."

"Paa ni zuri," alisema Curtis.

"Zuri sana," alisema Marit. "Kama wewe unalipenda."

"Mimi napenda unachopenda wewe."

"Mungu wangu, ninyi watu wa Minnesota na adabu zenu!" Bev aliguna. "Haya, nangoja. Sikati simu."

Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu kipande cha mwisho cha keki hukatwa nusu, na ile nusu hukatwa tena, mpaka inabaki chembe kwenye sahani, kwa sababu hakuna anayekubali kuonekana anakitaka. Mimi nami ni wa damu hiyo hiyo. Tangu nimalize chuo naishi chumba cha chini cha nyumba yao, na sikuona kwamba nina haki ya kusema.

"Mama mdogo, unanivuta," alinong'ona Tove.

Kweli nilikuwa namvuta.

Curtis aliinamia simu. "Basi, Bev, mwambie kwamba tunaichuku—"

"Siitaki!"

Ilikuwa sauti ya Marit. Sikuwahi kumsikia akiipaza. Yeye mwenyewe alishtuka, akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. "Samahani. Si kwamba ni mbaya. Ni nzuri, ila..."

"Huitaki?" Curtis aliuliza.

"Lakini wewe ndiye unayeitaka! Kila Jumapili unatupitisha pale kwa gari."

"Nawapitisha kwa sababu ulisema bustani inapendeza!"

"Nilisema kwa adabu tu!"

Bev alicheka mpaka akakohoa. Curtis aliketi, mabega yakamshuka kama mtu aliyetuliwa gunia. "Silali vizuri, Marit. Namwaza Nels amesimama peke yake kwenye geti la shule ngeni."

"Na hesabu za Tove?" Safari hii dada yangu alikuwa anauliza kweli.

"Siku ambazo mwalimu haji, nitamfundisha mimi."

"Wewe?" alisema Tove. "Baba, wewe hesabu za sehemu zinakushinda."

"Nitajifunza."

Nilicheka, msuko ukanifumukia wote mkononi, na hakuna aliyejali.

"Haya, wapendwa," alisema Bev. "Nimwambie nini mwenye nyumba?"

"Kama haitakuwa usumbufu..." Curtis alianza. Akasita, akamtazama mkewe, akaanza upya.

"Tunataka ya Larch, Bev. Tunataka watoto wetu wasome pamoja."