Sehemu ya Nne ya Rozalini

“Hapa mtaani Tena hakuna mama anayesoma Kiingereza kunishinda,” Khavere alipenda kusema, wala hakungoja mtu ampinge. “Nilifika darasa la saba. Mtihani nilinakili kwa Opicho, na Opicho mwenyewe alianguka.”

Kwa Kiingereza hicho hicho alikuwa amemaliza sehemu tatu za hadithi ya Rozalini, kila moja nene kama tofali. Rozalini alikuwa mpiga taipu wa siku hizi, mwenye mume mpole na jiko la gesi. Siku moja alifungua kabati la marehemu nyanyake, akatokea miaka mia mbili nyuma, mbele ya Kapteni Edmandi aliyekuwa akioga mtoni. Tangu hapo ile gesi hakuikumbuka tena.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akina mama walijaa sebuleni kwa Khavere, huyu na mboga za kuchambua, yule na kichwa cha kusukwa. Khavere aliketi kwenye kiti cha marehemu mumewe, Masinde, akasoma kimoyomoyo mistari miwili mitatu, kisha akaisimulia kwa Kiswahili cha nusu saa. Vitabu alivivika magazeti kama vya watoto wa shule, kwa sababu kwenye jalada Kapteni hakuwa na shati, naye Khavere ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama kanisani.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Nekesa, bibi harusi wa majuzi wa nyumba ya pili, alitaka kujua kama Rozalini si mzinzi.

“Mzinzi vipi?” Khavere akamjibu. “Mume wa kwanza bado hajazaliwa. Utamkosea vipi mtu ambaye hata babu yake hajaota meno?”

Qali, muuza mashuka, alicheka mpaka mtandio ukamvuka. Yeye alisema hajui Kiingereza hata cha kibao cha duka, basi alikuja kusikiliza tu.

Sehemu ya tatu iliisha vibaya: Kapteni yuko gerezani, anangoja kunyongwa alfajiri. Alhamisi Khavere akaenda soko la Kariokor kwa Phares, aliyeuza vitabu vya mitumba kando ya mafundi wa viatu vya akala.

“Ya nne ilikuwepo, mathe,” Phares akasema. “Imeenda jana. Kuna mama alilipa bila hata kuteta bei.”

Khavere akarudi nyumbani mikono mitupu. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na Mitchelle wa pale kona alikuwa amenunua video. Tayari alishaanza kuwaalika akina mama waje waone filamu. Jumamosi moja tu bila Rozalini, nao wangezoea kochi la Mitchelle. Siku sita za wiki Khavere alijibizana na redio. Ya saba alikuwa na watu tisa na kelele zao. Hakuwa tayari kumgawia Mitchelle hata mmoja.

Akainama chini ya kitanda, akavuta kitabu cha Masinde, aliyewahi kumsaidia daktari wa mifugo: *Magonjwa ya Ng'ombe wa Maziwa*. Unene ulitosha. Akakivika gazeti.

Jumamosi ikafika.

“Kapteni akatoroka gerezani,” alianza, akalamba kidole, akafunua ukurasa. “Lakini akiwa msituni akaugua.”

“Akaugua nini?”

Hilo hakuwa amelipanga. Akachungulia ukurasa. “Tezi zikavimba chini ya masikio. Chakula akakataa. Machozi yakamtiririka, pua ikatoka povu, masikio yakalegea.”

Nekesa, aliyekulia Kimilili nyuma ya ng'ombe watano, akainua uso kutoka kwenye mrenda. “Kukhu,” akamwita Khavere kama nyanya wa kwao, “hiyo si ndigana ya ng'ombe?”

“Zamani watu walilala na ng'ombe nyumba moja. Waliambukizana.”

“Na masikio ya mtu yanalegeaje?”

“Alikuwa na masikio makubwa. Nilisema kwenye sehemu ya kwanza, ila wewe ulikuwa unasinzia.”

Wenzake wakamnyamazisha Nekesa. Khavere akaona macho yote yamemganda, akapandwa na raha. Rozalini akamkanda Kapteni kwa maji moto, akamwimbia, akamlaza mapajani. Khavere hakukusudia kumuua. Lakini kitabu kilisema asiyetibiwa hufa siku ya kumi na nane, basi siku ya kumi na nane ikafika.

“Akakata roho,” akasema, na sebule nzima ikalia.

“Uongo!” Qali akaruka wima, mashuka yakamwagika. “Hafi! Ukurasa wa mia tatu na kumi anarudi na farasi mweupe, wanaoana!”

Kisha akajiziba mdomo.

“Qali,” Khavere akasema polepole. “Wewe usiyejua kibao cha duka. Kumbe ndiwe mama usiyeteta bei.”

“Nilisoma Garissa mpaka kidato cha pili,” Qali akanong'ona. “Ningesema, mngenipa kazi ya kusoma, na mimi raha yangu ni kusikiliza. Lakini mtu anyongwe alfajiri, nami ningoje wiki nzima? Moyo wangu ni wa chuma?”

Wakacheka mpaka Mitchelle, aliyekuwa amepita kuwaita kwenye video, akaingia na kutafuta pa kukaa. Khavere ndiye aliyecheka kuliko wote, kidole juu, akiwaonya kuhusu waongo wanaokunywa chai yake. Kitabu akakisahau mapajani. Nekesa akakinyakua.

“Acha tuone wenyewe kama amekufa.” Akafungua katikati. Akakigeuza juu chini, chini juu. “Kukhu, hii picha ni ya nani?”

“Farasi wa Kapteni,” Khavere akasema haraka. “Yule mweupe.”

Nekesa akawageuzia wote waione.

“Farasi ana chuchu nne?”