Fisi wa Okestra

Kosa la Evaristi lilikuwa moja tu: kifua kipana. Okestra ya parokia ilipoanzishwa pale Sumbawanga, yeye ndiye aliyepewa tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, la kupakatwa kama mtoto. Mwalimu Scola, aliyewafundisha watoto muziki huo kwa kuwasimulia hadithi, akagawa wanyama. Vayolini zikawa sungura, filimbi ikawa ndege, na tuba, bila mwenyewe kuulizwa, ikawa fisi.

Watoto walielewa haraka mno. Kila Jumamosi ukumbini, wakisikia tu ile sauti nzito, walipiga kelele na kufumba macho. Ubaya ni kwamba hadithi haikubaki ukumbini. Kule mtaani Izia, kwenye mashine ya kusaga ya Evaristi, watoto walitua debe la mahindi mlangoni wakatimua mbio. Shuleni binti yake Jenifa, wa darasa la pili, aliitwa mtoto wa Fisi. Akaacha kuongozana na baba yake njiani. Hilo lilimuuma Evaristi kuliko yote, kwani mama yake Jenifa alipofariki walibaki wawili tu.

Akamwendea Scola.

"Mwalimu, naomba unibadilishie. Nipe hata tembo."

"Tembo hayumo, baba Jenifa. Watoto wameshamzoea fisi wao."

"Basi mimi naacha."

"Ukiacha, nani atapiga? Tuba ni moja, na mwenye pumzi ni wewe. Jumamosi wanakuja watoto mia mbili. Utawaambia wewe?"

Hakuweza. Mtu mpole hunaswa kirahisi, na Evaristi alikuwa mpole kupita kiasi. Ila akapanga ujanja wake: mahali pa fisi kunguruma, atapiga wimbo wa Kifipa anaombembelezea Jenifa. Scola atakosa la kusema, isipokuwa kwamba fisi naye ana moyo mwema.

Jumamosi fisi alipoitwa, Evaristi akapuliza taratibu, kwa upole wote aliokuwa nao. Ukumbi ukatulia. Vayolini ziliujua wimbo, zikamfuata. Jenifa, mstari wa tatu, akainua kichwa na kutabasamu, na baba yake akajawa na furaha.

Lakini Scola si mtu wa kukwama.

"Mnasikia, watoto?" akanong'ona kwenye kipaza sauti. "Fisi amejifunza kuimba kama mzazi. Ndivyo anavyowakamata."

Ukumbi mzima ukapiga yowe. Evaristi alitaka kuacha, lakini kiongozi wa muziki alikuwa akimpungia mkono aendelee. Akapiga ubeti wa pili, akapiga na wa tatu, huku akimwona Jenifa ameziba masikio, amejikunja nyuma ya mwenzake.

Jioni, kama kawaida, alikaa ukingoni mwa kitanda cha binti yake. Jenifa akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Baba," akasema, "leo usiniimbie. Nitalala mwenyewe."