Video Isiyobanwa ya Raphael

Raphael aliporudi kutoka kozi ya kompyuta Morogoro, watu wa ofisi yao ya Makole, Dodoma, walikoma. Ukiwasha kompyuta, Morogoro hawawashi hivyo. Ukizima, Morogoro hawazimi hivyo. Ukiiacha kama ilivyo ukaenda kunywa chai, anakufuata mpaka kantini kukueleza Morogoro wanavyoiacha.

Ilikuwa mwaka 2004. Kila kitu kimefunguliwa: televisheni binafsi, mitumba ya kila bara, na shule za kompyuta zimeota Dodoma nzima, nyingine kibao cha tangazo kikubwa kuliko chumba chenyewe. Ofisi yao ilikuwa ya kufuatilia masoko ya mazao, nayo ikaletewa mfumo mpya wa kuandikisha magunia. Lori likiingia soko la mahindi Kibaigwa, karani anaandika kwenye kompyuta: magunia mangapi, yametoka wapi, yanakwenda wapi. Shida ni kwamba makarani walikuwa hawaujui huo mfumo hata kidogo.

Halafu kulikuwa na kiti. Kiti cha mkuu wa kitengo cha kompyuta, cha magurudumu, chenye mikono ya kuegemea, bado kimo ndani ya nailoni yake pale kwenye korido, kinamsubiri mwenyewe atakayeteuliwa. Raphael kila akipita alikuwa anakipapasa kidogo, kama baba mkwe anayepapasa ng'ombe wa mahari kabla hawajakabidhiwa.

Basi Mzee Bartolomayo, mkuu wa idara, akasema kikaoni: "Mama Batuli anakuja kutoka wizarani. Ndiye mgeni rasmi. Anataka aone tutawafundishaje makarani wa Kibaigwa, na wale wa Gulwe kule relini. Nani ana wazo?"

Raphael alisimama swali halijatua. "Mkuu, tunarekodi kioo."

"Tunarekodi nini?"

"Kioo cha kompyuta, Mkuu. Kuna programu, ukiiwasha inanasa kila kitu. Mshale ukienda kulia, unaonekana unakwenda kulia. Na sauti yako juu yake, unaeleza. Karani anaangalia kama sinema. Sasa Morogoro..."

"Haya, haya, Morogoro," Mzee akamkata. "Itengeneze. Ikitoka vizuri, kile kiti tutakivua nailoni."

Yaani Raphael hakula mchana ule. Alikimbia intaneti kafe, akarudi na programu kwenye disketi ameifunga kwa leso, utasema kabeba yai. Akaiweka. Ikamfungulia dirisha la maswali: ubora wa picha unataka wa chini, wa kati au wa juu?

Hapo ndipo alipoharibu, ingawa mwenyewe alijiona amepatia. Maana kwao Mpwapwa, mama yake, Mama Penina, alikuwa na kabati la vioo. Vikombe vya plastiki ni vya watoto. Vya bati, majirani. Vile vyenye mstari wa dhahabu mdomoni havitoki kabatini mpaka aje mchungaji. Raphael akaangalia yale maswali, akaona kabati la mama yake. Chini, plastiki. Kati, bati. Na anayekuja ni nani? Ni wizara! Akabonyeza juu.

Violeth, wa meza ya jirani, alikuwa anachungulia. Yeye ndiye aliyefundishwa mfumo wa magunia na wale waliouleta. "Kaka Rafa, hapa si wanasema ukiibana video inakuwa nyepesi?"

"Dada Vio, utabana picha ya mgeni rasmi? Kwenu mgeni akija mnambania nyama?"

"Kwetu mgeni anakula kilichopo."

"Ndiyo maana hawaji."

Akaweka isibanwe kabisa. Swali lingine: picha ngapi kwa sekunde? Akaweka thelathini.

"Thelathini za nini?" Violeth akacheka. "Mshale wenyewe ukiusogeza wewe unatembea kama kinyonga!"

Rangi? Mamilioni.

"Mfumo wa magunia una rangi mbili tu, kaka. Kijivu na kijivu."

"Ila kijivu cha wizara," alijibu Raphael, na uso mkavu kabisa.

Wiki nzima ikaishia hapo. Leo anapima sauti, kesho anarekodi lile ua la picha ya mbele ya kompyuta aone linavyong'aa. Mfumo wenyewe wa magunia hakuufungua hata mara moja. Violeth alipomkumbusha, akasema, "Ule ni kubonyeza tu. Utashika wewe mausi, mimi nieleze. Kazi ya mkono na kazi ya kichwa, dada."

"Haya, kichwa," Violeth akasema.

Siku ya kurekodi wakakaa. Raphael akawasha, akashika maiki, akafungua mdomo, na Mzee Bartolomayo akaingia.

"Unaanza kufundisha watu hujawasalimia? Umelelewa wapi wewe? Lete hapa."

Nani angemnyima maiki? Mzee akakohoa, akaanza na salamu ya Kigogo. "Mbukwenyi! Mgeni rasmi Mama Batuli, wakuu wa idara mliopo, wenyeviti wa vijiji, viongozi wetu wa dini, makarani wa Kibaigwa, makarani wa Gulwe, madereva wa malori, madalali, akina mama mnaofagia soko, na wote ambao sikuwataja, itifaki imezingatiwa." Kisha akakumbuka kwamba kuna watu kweli hakuwataja, akaanza kuwataja. Muda wote huo kwenye kioo mshale umesimama katikati, hautikisiki, unarekodiwa picha thelathini kila sekunde kwa rangi mamilioni.

Kikaibuka kisanduku kidogo: nafasi inakwisha. Raphael akakifunga haraka, kinachafua picha. Kikaibuka tena. Akakifunga tena na kukisonya.

Mzee alipomaliza, Raphael na Violeth wakarekodi somo lote mpaka mwisho, au ndivyo walivyodhani. Jioni Raphael akaifungua aone. Loo! Picha imetulia, herufi zimekaa kama zimechongwa. Salamu za Mzee zikawa ndefu, na shati la kesho halijapigwa pasi. Akafunga, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake ukumbi umejaa. Mama Batuli kakaa mbele, miwani kwenye paji la uso. Video ikamwagika ukutani, na salamu zikaanza. Kila aliyesikia anatajwa, anapiga makofi. Akina mama wa usafi walipotajwa, mlangoni pale kikapigwa kigelegele.

"Bartolomayo," Mama Batuli akasema, anaonyesha kona ya picha palipoandikwa kwa Kiingereza kwamba programu haijasajiliwa. "Nini hakijasajiliwa?"

Mzee hakupepesa. "Magunia, Mama. Ndiyo tunataka kuanza."

"Vizuri."

Raphael kifua kimejaa. Alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti, ameshazunguka nacho. Sauti yake mwenyewe ikasikika ukumbini: "Sasa ndugu makarani, ili kuingiza gunia la kwanza, bonyeza..."

Ukuta ukawa mweupe. Basi. Imeisha. Diski ilikuwa imejaa salamu mpaka mdomoni.

"Nibonyeze wapi?" akauliza Mama Batuli.

Ukumbi mzima ukamgeukia Raphael.

"Kijana, si wewe uliyetengeneza? Njoo utuonyeshe kwa mkono."

Raphael akaenda mbele. Akaufungua mfumo wa magunia kwa mara ya kwanza maishani mwake, mbele ya wizara. Mshale ukazunguka ukutani kama mbuzi aliyepotea mnadani. Akabonyeza hapa, hamna kitu. Pale, mfumo ukamwomba neno la siri. Akamtazama Violeth. Violeth alikuwa anaangalia feni ya darini kwa makini sana, mikono kaifunga kifuani. Kazi ya mkono.

Maiki ilikuwa mezani. Akaikamata kama mtu anayezama.

"Mbukwenyi! Ndugu mgeni rasmi Mama Batuli, kabla sijabonyeza, naomba nitambue uwepo wa..."

Ndugu zangu, alitambua! Alitambua safu ya mbele, safu ya nyuma, fundi wa jenereta, wapishi kwa majina na ukoo. Alitambua wageni waliokuwa bado njiani. Aliendelea mpaka harufu ya pilau ikaingia ukumbini, na watu wakainuka wenyewe, kila mtu kafurahi, hakuna tena aliyeuliza gunia linaingiziwa wapi.

Mama Batuli, na sahani mkononi, akamwambia Mzee: "Yule kijana msimpoteze kwenye kompyuta. Ana mdomo wa itifaki. Mwekeni mlangoni awe anapokea wageni."

Neno la wizara halijibiwi. Jumatatu Raphael akakabidhiwa mlango. Kazi ya kusimama, asubuhi mpaka jioni, tai shingoni. Video ikapelekwa Kibaigwa hivyohivyo. Makarani wakaisifu kwa picha, halafu wakaendelea kuandika magunia kwa chaki ubavuni mwa malori.

Na kile kiti? Cha Violeth kilivunjika mguu, akaenda koridoni, akakivua nailoni mwenyewe, akakikalia. Mchana akajisukuma nacho, magurudumu yanateleza, mpaka pale mlangoni.

"Kaka Rafa," akasema, anazunguka taratibu. "Hebu nieleze. Morogoro wanasimamaje?"