Pampu ya Rangi ya Harusi

Mjomba Khorshed, mjomba wa bwana harusi, aliirudisha glasi ya sharubati kwenye sinia kana kwamba ameona nge ndani yake.

"Maji haya mmeyateka wapi?"

"Si pale," baba yangu akajibu kwa fahari, akionyesha pampu yetu ya uani, nyekundu, inayong'aa kuliko mimi bibi harusi.

Wageni arobaini wakaweka glasi chini kwa pamoja.

Nilikuwa nimeketi kibarazani, kichwa nimekiinamisha, kama inavyompasa bibi harusi. Miaka miwili kabla, wapimaji wa maji walipita kijijini. Pampu yenye sumu ya arseniki waliipaka nyekundu, iliyo salama wakaipaka kijani. Yetu ilikuwa kijani. Lakini baba alipomaliza kulipamba lango kwa rangi nyekundu ya harusi, alibakiwa na nusu kopo, na baba hajawahi kutupa kitu maishani mwake.

"Kaka Mozid, unatuua hata kabla ya wali?" Mjomba akamfokea baba.

"Wallahi ni salama! Wekundu huu ni wa furaha tu!"

"Furaha ya kaburini! Liton, inuka twende. Na huyo binti aliyekulia kwenye maji haya, atakuzalia nini?"

Baba akanywa glasi nzima mbele yao. Akanywa ya pili. Kwenye ya tano akaanza kuhema.

"Sumu hii huua polepole, ndugu yangu," Mjomba akasema. "Tukungoje miaka kumi?"

Liton, bwana harusi wangu, alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Nikasema moyoni, Ee Mola, nisamehe adabu zangu. Nikasimama.

"Jamani, bibi harusi anatembea!" shangazi yake Liton akapiga yowe.

Nikavuka ua, nikavua bangili, nikaikwaruza pampu shingoni kwa nguvu zangu zote. Nyekundu ikabanduka. Chini yake, kijani.

Liton akaja akichechemea na kiatu chake kimoja. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, akakwaruza na yeye kwa ukucha. Kisha akapiga pampu, akakinga kiganja, akasema bismillahi, akanywa.

"Mjomba," akasema, akijifuta kidevu, "sharubati yako inapata moto."

Mwaka jana mimi na Liton tulikwenda na watoto wetu kumsalimu baba. Nilimkuta uani na kopo la rangi ya kijani, brashi mkononi, akiitazama pampu iliyochakaa.

"Niipake?" akaniuliza.

"Ipake, baba. Lakini hapa shingoni uniachie."